Msuluhishi Asiye na Bunduki

ARUA HILL – Askari aliyepangwa kulinda kizuizi cha barabara kule Oraba, kaskazini ya mji wa Koboko, hahitaji kufunuliwa ramani wala kusomewa taarifa ya kibalozi ili atambue kwamba mkataba wa amani umevunjika ng'ambo ya mpaka. Huutambua kwa kutazama barabara. Mwezi Julai 2016, mapigano yalipozuka upya mjini Juba na kisha kuenea hadi Yei na vijiji vyake, njia ziingiazo West Nile zilijaa akina mama waliojitwika magodoro na masufuria, wazee waliosukumwa juu ya baiskeli, na watoto wasiojua wazazi wao wako wapi. Mwezi Agosti kambi ya Bidibidi ikafunguliwa wilayani Yumbe, na kabla ya mwaka kumalizika ilikuwa imekwisha pokea zaidi ya watu 250,000.

Mkataba uliovunjika siku hizo ulikuwa umetiwa saini mwezi Agosti 2015. Haukukosa mashahidi. Jumuiya ya IGAD ilikuwapo, Umoja wa Afrika ulikuwapo, na zilikuwapo pia nchi tatu zijulikanazo kwa jina la Troika, yaani Marekani, Uingereza na Norwei. Kuwapo kwa Marekani na Uingereza hakuhitaji maelezo marefu. Lakini Norwei, nchi ya baridi kali iliyo kaskazini kabisa mwa Ulaya, yenye watu wapatao milioni tano na nusu, ambayo haikupata kuwa na koloni hata moja katika eneo letu hili, yafanya nini katika mambo ya Juba? Na je, rafiki wa mbali wa namna hiyo aweza kutupa nini sisi tuishio mpakani, na ni kitu gani hawezi kutupa hata akitaka?

Swali hili ni la askari na polisi kabla ya kuwa la mabalozi, kwa sababu mkataba unapovunjika balozi hupanda ndege, na askari hubaki barabarani. Ili kulijibu, yafaa tuutazame mwaka mmoja tu, mwaka 2002. Katika mwaka huo ilitiwa saini mikataba mitatu ya kunyamazisha bunduki: mmoja katika milima ya Nuba nchini Sudan mwezi Januari, mmoja katika kisiwa cha Sri Lanka mwezi Februari, na mmoja hapa hapa kwetu Yumbe mwezi Desemba. Katika miwili ya kwanza, Wanorwei ndio waliosimamia kazi ya uangalizi. Katika ule wa tatu hawakuwamo. Matokeo yake yalitofautiana, na katika tofauti hiyo mna funzo.

JIRANI MWENYE JESHI NA RAFIKI ASIYE NALO

Sri Lanka ni kisiwa kilicho kusini ya India. Kilipata uhuru wake mwaka 1948. Wananchi wake walio wengi ni Wasinhala, na walio wachache ni Watamil, ambao hasa hukaa kaskazini na mashariki. Mwaka 1983 mgogoro kati ya serikali na chama cha LTTE, maarufu kwa jina la Chui wa Kitamil, uligeuka kuwa vita kamili.

Jirani mkubwa, India, ndiye aliyejaribu kwanza. Mwaka 1987 serikali za Delhi na Colombo zilipatana, na majeshi ya India yakavuka bahari yakiwa na jina la walinzi wa amani. Haikupita miezi mingi kabla walinzi hao hawajajikuta wakipigana na Chui wale wale waliokuja kuwanyang'anya silaha. Walipoondoka mwezi Machi 1990 walikuwa wamepoteza askari zaidi ya 1,000. Mwaka uliofuata, aliyekuwa Waziri Mkuu wa India, Rajiv Gandhi, aliuawa kwa bomu na LTTE. Tangu hapo India haikuweza tena kuketi katikati ya pande mbili, kwa maana ilikuwa imekwisha mwaga na kumwagiwa damu.

Hapo ndipo thamani ya rafiki wa mbali ilipoonekana. Norwei ilikuwa inajulikana kisiwani humo kwa miradi ya uvuvi na ya maendeleo vijijini. Haikuwa na manowari katika Bahari ya Hindi, wala bandari iliyoimezea mate, wala ndugu wa damu katika upande wowote. Serikali ya Colombo haikuiogopa, LTTE haikuiogopa, na India, ambayo isingekubali dola kubwa iingie mlangoni pake, iliridhika. Kwa hiyo udogo wa Norwei ndio uliokuwa hati yake ya kuingilia. Mjumbe wake, Erik Solheim, alikwenda na kurudi kati ya Colombo na maficho ya kiongozi wa LTTE, Velupillai Prabhakaran, hata mkataba wa kusimamisha mapigano ukapatikana tarehe 22 Februari 2002.

Ukaundwa ujumbe wa waangalizi kutoka nchi tano za Nordic: Norwei, Uswidi, Denmark, Finland na Iceland. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Meja Jenerali mstaafu wa Norwei, Trond Furuhovde. Waangalizi hao hawakuchukua silaha. Kwa muda mambo yalikwenda vyema. Barabara kuu ya kwenda Jaffna, iliyokuwa imefungwa kwa miaka mingi, ilifunguliwa. Watu walionana na jamaa zao waliodhani wamekufa.

Lakini kazi ya waangalizi ilikuwa ni kupokea malalamiko, kuyachunguza na kutangaza nani amekosea. Basi walitangaza makosa kwa maelfu, na sehemu kubwa sana ilikuwa ya LTTE: mauaji ya wapinzani, kuandikisha watoto vitani, kuteka nyara. Upande wa serikali nao haukuwa safi. Hata hivyo baada ya kutangaza, hakuna kilichofuata. Ilikuwa kama mwamuzi wa kandanda aliyepewa filimbi akanyimwa kadi. Mchezaji aliyecheza rafu husikia filimbi mara ya kwanza na kusimama. Mara ya kumi husikia na kuendelea kukimbia.

Tarehe 11 Mei 2006 mashua za LTTE zilishambulia msafara wa jeshi la maji la Sri Lanka. Ndani ya meli moja ya msafara huo, iliyochukua askari zaidi ya 700, alikuwamo mwangalizi wa Nordic. Kuwapo kwake hakukuizuia hata risasi moja. Mwishoni mwa mwezi huo huo Umoja wa Ulaya uliitangaza LTTE kuwa kundi la kigaidi. LTTE ikajibu kwamba haitawakubali tena waangalizi kutoka nchi za Umoja huo. Uswidi, Denmark na Finland zikafunga virago. Walibaki Wanorwei na watu wa Iceland peke yao, kwa kuwa nchi zao si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Mwezi Januari 2008 serikali ya Rais Mahinda Rajapaksa ilijitoa rasmi katika mkataba, na mwezi Mei 2009 vita vikamalizwa kwa nguvu za jeshi, Prabhakaran akauawa, na raia wengi mno wakaangamia katika ukanda mdogo wa pwani walimobanwa.

Yatupasa tuipe Norwei haki yake katika jambo moja. Baada ya kushindwa kule, iliagiza wachunguzi waipime kazi yake yote katika Sri Lanka, na taarifa yao ikatangazwa mwaka 2011 bila kuficha makosa. Jeshi lolote lenye nidhamu hufanya hivyo baada ya operesheni, iwe imefaulu au imeshindikana.

WATATU KATIKA GARI MOJA

Sasa tugeuke tutazame Nuba. Mwezi mmoja kabla ya mkataba wa Sri Lanka, yaani tarehe 19 Januari 2002, serikali ya Khartoum na wapiganaji wa SPLA wa milima ya Nuba walitia saini mkataba wa kusimamisha mapigano huko Bürgenstock, nchini Uswisi. Mkuu wa uangalizi alikuwa Mnorwei, Brigedia Jenerali Jan Erik Wilhelmsen. Waangalizi wake nao hawakuwa na silaha. Mtu angetazamia kwamba yaliyotokea Sri Lanka yangetokea Nuba pia. Hayakutokea. Mkataba huo, uliokuwa ukifanywa upya kila miezi sita, ulisimama mpaka mwaka 2005, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipochukua nafasi.

Je, sababu ilikuwa nini? Haikuwa kwamba Wanorwei wa Nuba walikuwa hodari kuliko wenzao wa Colombo. Zipo sababu mbili ambazo kila askari aweza kuzielewa.

Ya kwanza ni namna doria zilivyoundwa. Katika Nuba, doria haikuwa ya wageni watupu. Ndani yake alikuwamo ofisa wa serikali, ofisa wa SPLA, na mwangalizi wa kigeni. Risasi ilipolia kijijini, watatu hao walikwenda pamoja, wakaona pamoja, wakawahoji watu pamoja, na walipoandika taarifa kila mmoja alikuwa amekwisha kula vumbi la njia ile ile. Ofisa wa upande uliokosea hakuweza kurudi kwa mkubwa wake na kusema kwamba wageni wamedanganya, maana yeye mwenyewe alikuwapo. Mara nyingi jambo lilimalizwa pale pale, kabla halijafika kwenye meza ya jemadari, sembuse kwenye redio. Mgeni alikuwa shahidi. Walinzi wa mkataba walikuwa maadui wenyewe.

Sababu ya pili ni nani aliyesimama nyuma ya Mnorwei. Nyuma ya Nuba ilikuwapo meza kubwa ya Machakos na Naivasha, iliyoongozwa na jirani, Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, mwanajeshi aliyepata kuwa Kamanda wa Jeshi la Nchi Kavu la nchi yake. Nchi za IGAD zilikuwa zimeizunguka meza hiyo, na Marekani ilikuwa imesimama karibu na fimbo na mfuko. Katika meza hiyo Norwei ilikuwa mmoja wa wasaidizi, ikileta wataalamu, fedha na uvumilivu, na kila mtu alijua kwamba ukiipuuza Norwei utakutana na wengine. Kule Sri Lanka, aliyeipuuza Norwei hakukutana na mtu.

Ndivyo ulivyopatikana Mkataba Kamili wa Amani uliotiwa saini mjini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, vikakoma vita vilivyoanza mwaka 1983, na mwezi Julai 2011 Sudan Kusini ikapandisha bendera yake.

KUKAA KAMBI MOJA BILA KULA CHUNGU KIMOJA

Lakini tusiwe wepesi wa kushangilia. Mkataba huo wa mwaka 2005 uliagiza kuundwa vikosi vya pamoja vya askari 39,000, nusu kutoka jeshi la Khartoum na nusu kutoka SPLA, ili viwe mbegu ya jeshi moja endapo nchi itabaki moja. Kwa karatasi hilo lilikuwa ni wazo lile lile la Nuba, limekuzwa. Kwa vitendo halikuwa hivyo. Askari waliwekwa katika mji mmoja, lakini kila upande na kambi yake, na amri yake, na mshahara wake, na uadui wake. Mjini Malakal, vikosi hivyo vya pamoja vilipigana wenyewe kwa wenyewe mwaka 2006, na tena mwaka 2009.

Nuba kwenyewe vita vilirudi mwezi Juni 2011, baada ya miaka tisa ya utulivu, kwa kuwa swali la siasa lililowafanya watu wachukue silaha lilikuwa limeahirishwa kila mara bila kujibiwa. Na Sudan Kusini, haikupata miaka mitatu ya uhuru kabla askari wake hawajageuziana mitutu mjini Juba mwezi Desemba 2013. Mkataba uliohuishwa wa Septemba 2018 uliagiza tena jeshi moja, la watu 83,000. Kundi la kwanza lilihitimu mjini Juba mwezi Agosti 2022, kwa kuchelewa sana.

Kwa hiyo kanuni haitoshi kusema, "changanyeni maadui." Kanuni kamili ni kwamba maadui wapewe kazi moja, amri moja na taarifa moja ya kuandika, na wakubwa wao walijibu upesi lile swali la siasa, maana doria njema hununua muda tu. Asiyeutumia muda huo hununuliwa hasara.

YUMBE, TAREHE 24 DESEMBA 2002

Mkataba wa tatu wa mwaka ule ulitiwa saini hapa kwetu. Wapiganaji wa UNRF II, wakiongozwa na Meja Jenerali Ali Bamuze, walikuwa wamekaa miaka kadhaa katika ardhi ya Sudan. Ni kweli kwamba mkono wa nje ulisaidia kwanza: Mkataba wa Nairobi wa Desemba 1999 kati ya Uganda na Sudan, uliosuluhishwa na aliyekuwa Rais wa Marekani, Jimmy Carter, ulianza kuufunga mlango wa nyuma. Lakini mlango wa mbele ulifunguliwa na Waganda wenyewe. Wazee, viongozi wa dini na wanasiasa wa eneo hili walitembea kati ya serikali na porini, na tarehe 24 Desemba 2002 bunduki ziliwekwa chini mjini Yumbe. Baadhi ya wapiganaji walirudi mashambani. Wengine walivaa sare ya UPDF, wakala chungu kimoja na wale waliokuwa wakiwindana nao.

Hatusemi kwamba kila ahadi ilitimizwa kwa wakati wake. Malalamiko yamesikika, na mwenye haki hana budi kusikilizwa. Lakini tangu siku hiyo UNRF II haikurudi porini. Na pale Bidibidi, walipokusanyika wapiganaji wale, ndipo miaka 14 baadaye walipopewa hifadhi watu wa Sudan Kusini. Wazee wa West Nile waliikumbuka vizuri miaka ya 1979 na 1980, walipokimbilia wao Yei na Kajo Keji, na ndiyo sababu wengi wao walikubali kutoa ardhi kwa wageni. Ni deni lililolipwa kwa heshima.

JIRANI HAHAMI

Sasa yatupasa tujitazame wenyewe bila haya. Katika mambo ya Sudan Kusini, Norwei ni Norwei, lakini Uganda iko mahali ilipokuwa India. Sisi ndio jirani mwenye jeshi. Desemba 2013 UPDF ilivuka mpaka kwa maombi ya serikali ya Juba, ikauzuia mji mkuu usianguke na ikawaokoa Waganda wengi. Iliondoka mwezi Oktoba 2015. Mwezi Machi 2025, hali ilipochafuka tena, vikosi vyetu vilitumwa Juba kwa mara nyingine. Katika mwezi huo huo, Norwei na Ujerumani zilifunga kwa muda balozi zao katika mji huo.

Hatuitaji habari hii ili kuwacheka waliofunga. Mgeni ana haki ya kulinda watu wake. Hata kule Colombo, ambako jina la Norwei lilikuwa midomoni mwa kila mtu, ubalozi wake ulifungwa mwaka 2023, na mambo ya Sri Lanka yakahamishiwa New Delhi. Huo ndio mpaka wa urafiki wa mbali: una mwanzo na una mwisho. Ujirani hauna mwisho. Kaya itakuwa jirani ya Oraba hata baada ya mikataba yote kusahauliwa.

Lakini habari ya India nayo ituzindue. Jeshi la jirani likikaa muda mrefu, watu husahau lilikuja kuzuia nini, na huanza kuuliza lipo upande wa nani. Siku hiyo jirani hupoteza kile ambacho hata bunduki elfu haziwezi kurudisha, yaani uwezo wa kuketi katikati. Nguvu za jeshi hununua muda kama doria za Nuba zilivyonunua. Kazi ya kuutumia ni ya viongozi wa siasa wa Juba, na Kampala yafaa iwahimize wautumie, pamoja na hao marafiki wa mbali wenye subira na wasio na deni la damu. Jirani na rafiki wa mbali si wapinzani. Mmoja ana nguvu asizoweza kuaminiwa nazo peke yake. Mwingine ana uaminifu usio na nguvu.

WAJIBU WETU

Askari na polisi walioko Oraba, Vurra na kwingineko mpakani wanaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya wakubwa. La, hasha. Brigedia Wilhelmsen hakuilinda Nuba kwa hotuba. Ililindwa na maluteni na masajini wa pande mbili waliokubali kupanda gari moja, na walioandika walichokiona, si walichoambiwa.

Basi polisi anayeandika taarifa ya ng'ombe walioibwa mpakani na aandike kwa haki, hata kama mwizi ni wa upande wetu, kwani ugomvi wa ng'ombe watatu umepata kuzaa vita. Askari anayempokea mkimbizi na amtenge mpiganaji na raia, achukue silaha, na asimdhulumu mtu kwa kabila lake. Ofisa aliye na namba ya simu ya mwenzake wa ng'ambo na aitumie kabla ya risasi kulia, siyo baada yake. Hayo ni madogo, lakini ndiyo ambayo waangalizi wa Sri Lanka walikosa mtu wa kuyafanya.

Norwei na wenzake waendelee kuja na kalamu zao, na tuwakaribishe. Saini watashuhudia wao. Usiku unapoingia Oraba, na taa za mwisho za soko la Koboko zinapozimwa, mkataba hubaki mikononi mwa askari wawili waliosimama kila mmoja upande wake wa mto Kaya, na usalama wa wananchi walio nyuma yao hutegemea kama wawili hao wanajuana kwa majina.